Kumpiga picha msanii anayebadilika kila msimu

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje na mwanamuziki wako wa roki ambaye kila mkikutana ana nywele mpya na mavazi mapya, mpaka picha zako za mwaka jana zinaonekana za mtu mwingine. Usijaribu kumtuliza. Waangalie waliompiga picha David Bowie, mwanamuziki wa roki wa Uingereza ambaye naye alibadilika sura na mavazi kila mara.

Itafute ile ya Brian Duffy, jalada la albamu ya mwaka 1973. Radi nyekundu na bluu imekata uso, macho yamefumbwa, kwenye mtulinga kuna tone linalong'aa. Na nyuma? Weupe mtupu. Hapo ndipo nakusisitizia: vazi likipiga kelele, ukuta unyamaze. Wapiga picha wengi wachanga huongeza taa za rangi na moshi juu ya mtu ambaye tayari amejaa rangi, na inaniuma sana, maana mtu mwenyewe anapotea.

Masayoshi Sukita, Mjapani, alimpiga Bowie kuanzia 1972. Ile ya 1977, nyeusi na nyeupe, ina koti la ngozi na mikono iliyokakamaa tu.

Kisha tafuta kisichobadilika. Kwa Bowie, mboni ya jicho la kushoto ilibaki imepanuka tangu ngumi ya ujanani. Abadilike atakavyo, jicho ni lilelile. Wako ana nini? Kovu, pengo, vidole? Fokasi iweke hapo.

Tena fika mapema, uombe ruhusa ya kukaa naye anapopakwa vipodozi.