Maswali Yenu: Kuishi Ndani ya Meli za Kitalii

Watu wa Kigoma tunaijua meli, kwa hiyo maswali mnayonitumia hayaishii kwenye kushangaa ukubwa. Mnauliza kulala, kula na kulipwa. Nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii kabla ya kurudi nyumbani, nami najibu kwa kadiri ya niliyoyaona.

Watoto wetu walioko Uingereza wanataka kutulipia mimi na mama yao safari ya siku saba. Wametutajia Cunard, MSC na Royal Caribbean. Tuchague ipi? (Mwalimu mstaafu, Mwanga)

Shikamoo mwalimu. Kabla ya kutazama picha, kaeni na mama mkubaliane mnataka siku yenu ipite vipi, maana hapo ndipo kampuni hizi zinapoachana.

MSC kwenye Bahari ya Mediterania ni safari ya bandari. Karibu kila asubuhi mnaamkia mji mwingine: Genoa, Marseille, Barcelona. Matangazo yanatolewa kwa lugha kadhaa kwa sababu abiria wametoka kila pembe ya Ulaya. Ni raha kwa mwenye miguu, lakini kushuka na kupanda kila siku kunachosha, na ukibaki ndani umelipia miji usiyoiona. Royal Caribbean wao wamewekeza kwenye meli yenyewe. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600. Kuna mabwawa, mateleza ya maji na uwanja wa barafu. Wajukuu wakiwepo, chagueni hiyo bila kusita. Mkiwa wawili tu, kelele zitawashinda.

Mimi ningewapeleka Cunard. Meli yao Queen Mary 2 hutoka Southampton, Uingereza, hadi New York kwa usiku saba, bila kusimama popote katikati. Kuna maktaba kubwa, mihadhara mchana, na muziki wa kucheza taratibu jioni. Mwalimu aliyezoea kusoma hatachoka. Zipo jioni za mavazi rasmi, basi wewe beba suti yako, na mama abebe kitenge kilichoshonwa kwa fundi mzuri.

Msisahau viza. New York inataka viza ya Marekani. Mediterania inataka ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kama meli itagusa Tunisia kisha irudi Ulaya, ombeni inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Nimeona abiria wakizuiwa kupanda siku yenyewe ya safari kwa jambo hili, na pesa hairudi.

Waulizeni watoto pia kuhusu tipu, yaani bahashishi ya wahudumu. Kampuni nyingi kubwa hukata takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku, juu ya nauli. Bei ya tangazo mara nyingi haijaihesabu.

Chakula kinalipiwa kando? Na asiyekula nguruwe atafanyaje? (Mama lishe, Kibirizi)

Dada, milo ya kawaida imo ndani ya nauli: bafe, na ukumbi mkuu wa chakula ambako unahudumiwa mezani. Soda, pombe na migahawa maalumu ndiyo inayolipiwa. Kwa asiyekula nguruwe, samaki, mayai na mboga havikosekani. Ukitaka nyama halali, kampuni iandikiwe mapema kabla ya safari, usisubiri kufika mezani. Na kwenye bafe angalia koleo la kuchotea, maana watu huligusisha sahani hii na ile.

Ugali hakuna. Usije ukabeba jiko wala birika ukitarajia kujipikia chumbani. Mizigo hukaguliwa kwa mashine kama uwanja wa ndege, na pasi, birika na chochote kinachotoa joto huchukuliwa hadi mwisho wa safari. Moto ndicho kitu mabaharia wanachokiogopa kuliko dhoruba.

Babu anasema Liemba nayo ni meli ya kitalii. Ni kweli? (Kijana, Katonga)

Hapana, ila babu hayuko mbali. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikawekwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja hadi Dar es Salaam kwa meli, na hapa Kigoma kwa reli. Ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua. Sasa sikiliza: kiwanda hichohicho cha Papenburg ndicho kinachojenga meli za kitalii hadi leo, zikiwemo za Disney na AIDA. Hata Icon of the Seas ilijengwa Turku, Finland, katika kiwanda cha ukoo huohuo wa Meyer. Nilipolijua hilo nikiwa kazini, niliwaambia wenzangu wa Ufilipino na India kwamba ndugu mkubwa wa meli yao yuko kwetu.

Tofauti ni kazi. Liemba ilikuwa njia ya watu na mali kwenda Mpulungu, Zambia. Mliopanda mnakumbuka usiku wa Lagosa, kijiji cha ufukweni kisichokuwa na gati: honi inalia gizani, mitumbwi inaikimbilia meli, watu wanarushiana kamba, mama anamtanguliza mtoto mlangoni kisha beseni la dagaa, na winchi inainua magunia huku mwenye mzigo akipiga kelele kwamba lake limesahaulika. Meli ya kitalii haibebi mizigo ya biashara, na abiria wengi hurudi palepale walipopandia. Lakini hata zile kubwa hazina gati kila mahali. Santorini, Ugiriki, meli hutia nanga nje na abiria hupelekwa nchi kavu kwa boti. Wanashuka wameshikwa mikono mmoja mmoja, na wapo wanaotetemeka kuliko bibi yeyote wa Kalya.

Meli kubwa hivyo ikipata ajali, watu wote hao wanaokolewaje? (Mjasiriamali, Ujiji)

Swali hili kwetu ni zito, kwa sababu MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, haijasahaulika. Hata hao wakubwa walipata somo chungu. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku ileile na hawajafanya mazoezi ya dharura. Baadaye sheria ya kimataifa ikabadilishwa: mazoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Basi usiyakwepe. Kituo chako cha kukusanyikia kimeandikwa kwenye kadi yako na nyuma ya mlango wa chumba. Nenda kwa miguu yako, uijue njia ya ngazi, kwa kuwa lifti hazitumiki wakati wa dharura. Ishara ni honi saba fupi na moja ndefu.

Bahari inanilevya hata nikivuka kwa boti. Nitaweza? (Mama, Kasulu)

Utaweza. Omba chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, maana mbele na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Meli hizi zina mapezi ubavuni chini ya maji yanayopunguza kuyumba. Usikae na njaa, beba tangawizi, na dawa za kichefuchefu zimeze kabla, siyo baada.

Wakala ananidai laki nane anitafutie kazi melini. Nilipe? (Kijana, Gungu)

Usilipe, mdogo wangu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kugharamia wewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli, na nauli ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha pia ni juu yake. Mafunzo ya msingi ya usalama, yaani kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, yanatolewa Chuo cha Bahari, Dar es Salaam.

Kazi yenyewe uijue. Mikataba mingi ni miezi sita hadi tisa, saa kama kumi kwa siku, siku saba kwa wiki. Chumba mnalala wawili, hakina dirisha. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo ngumu kuliko zote: asubuhi wanashuka, mchana wapya wanaingia, na katikati una vyumba zaidi ya kumi vya kutandika, vyoo vya kusugua, na vitanda vya kutenganisha au kuunganisha kulingana na karatasi uliyopewa. Mgongo unalia. Lakini pesa yake ni halali, na nimewaona wenzangu wakijenga kwao kwa kazi hii.

Huyo wakala mwombe leseni yake, kisha uliza TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kama wanamtambua. Kama umeshampa chochote, tunza risiti na ujumbe wa simu wa muamala, uende navyo polisi wiki hii.