Anza na anayetenda, siyo na "off"

Ndugu, umeuliza, unapotafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, uchague neno lipi kati ya maana zote ambazo kamusi inatoa kwa "take off". Tazama kwanza nani anatenda na nini kinatendwa. Ndege ikipaa, Kihispania ni "despegar". Mtu akivua koti, "quitarse". Akiondoka ghafla, "largarse" (hilo ni la mtaani, usiliweke kwenye barua ya kikazi).

Wengi hukwama kwenye vitenzi vya mwendo. Kihispania hukibebesha kitenzi uelekeo, kisha namna ya kwenda hufuata nyuma: "run out" ya mtu aliyetoka mbio ni "salir corriendo" ("salir" ni kutoka, "corriendo" ni akikimbia). Lakini maziwa yakiisha, "run out" hiyohiyo inakuwa "acabarse", wala hakuna aliyekimbia. Orodha za kukariri achana nazo. Soma sentensi nzima.