Lori jipya limezima wiki ya tatu, muuzaji anasema "dizeli chafu": yaliyonikuta mimi

Ndugu yangu mwenye tipa la Geita, pole sana. Umeandika kwamba gari lina wiki tatu tangu ulichukue, likapoteza nguvu na kuzima likiwa na mzigo, na kabla hata halijafunguliwa umeshaambiwa umeweka dizeli chafu. Jibu hilo nami nilipewa hivyo hivyo. Nitakueleza nilivyopita, pamoja na pale nilipokosea, maana kosa langu liliniuma kuliko ubovu wenyewe.

Langu lilikuwa kichwa kipya cha kuvuta tela, nimekichukua kwa mkopo wa benki. Safari ya tatu, Dar kwenda Tunduma, mzigo wa Zambia. Mizani ya Vigwaza tumepima uzito, ya Mikese tumepima, Mikumi tumepita salama. Baada ya Ruaha Mbuyuni gari likaanza kukohoa, na kwenye kona za Kitonga likazima kabisa. Mnaoijua Kitonga hamhitaji kuelezwa: mlima huku, korongo kule, na nyuma yako foleni ya malori yanayopanda kwa gia ndogo. Dereva akakinga matairi kwa mawe, utingo akatandaza matawi nyuma ya tela, ndipo wakanipigia.

Haikupita saa moja mafundi wa barabarani walikuwa wameshafika, spana mkononi, wanataka kufungua pampu "watoe hewa". Nikamwambia dereva asiruhusu mtu kugusa hata nati moja. Ukifungua pampu iliyo ndani ya waranti, umempa muuzaji sababu ya kukukana, na sababu hiyo ni halali. Badala yake nilimwomba apige picha za taa zilizowaka kwenye dashibodi na kilomita zilizosomeka, kisha atoe dizeli ya tenki kwenye chupa mbili kavu zenye kuonekana ndani, azifunge na kuziandika tarehe. Maji ni mazito kuliko dizeli, yakiwemo hujikusanya chini. Asubuhi chupa zote mbili zilikuwa safi. Risiti za vituo tulivyojaza nilikuwa nazo zote.

Mzigo nao una habari yake. Ule wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, una lakiri (kifungio chenye muhuri) ya forodha, huwezi kuufaulisha kwenye gari jingine kwa kuwa tu la kwako limekufa. Lazima TRA, mamlaka ya mapato, wajue na wasimamie. Siku zikaenda, na mwenye mzigo hana habari na pampu yako.

Sasa kosa langu. Gari lilivutwa hadi gereji ya muuzaji, wakabadilisha nozeli (vipulizia dizeli ndani ya injini) mbili kati ya sita, wakasema ni uchafu wa mafuta, nikalipa. Tena nikasaini karatasi ya kazi bila kuisoma, kumbe imeandikwa kwamba tatizo limesababishwa na mafuta ya mteja na mteja ameridhika. Siku ya kumi na moja gari likazima tena, safari hii karibu na Makambako.

Ndipo nilipomwita fundi wangu wa miaka mingi, si aguse gari, bali asimame pembeni wakati wao wanafungua. Aliwaomba jambo moja: wafungue vali ya kwenye pampu tuione. Mle ndani mlikuwa na chembe za chuma zinang'aa. Pampu za siku hizi zinasukuma dizeli kwa presha kubwa mno, na nyingi zinalainishwa na dizeli yenyewe. Pampu ikianza kujisaga, chembe zake zinaingia kwenye reli (bomba la presha linalogawia nozeli dizeli) na kwenye nozeli, nyingine zinarudi hadi kwenye tenki kwa bomba la kurudishia. Ukibadilisha nozeli mbili ukaiacha pampu, nozeli mpya nazo zitakufa.

Lakini kuwa mwangalifu: maji kwenye dizeli nayo yanaweza kuisaga pampu vivyo hivyo, kwa hiyo chembe peke yake hazikutetei. Chupa zile za Kitonga ndizo zilizonitetea. Na uwe mkweli kwa nafsi yako kwanza. Kama dereva wako ananyonya mafuta na kujazia ya madumu njiani, muulize kwa upole ujue mapema, kabla hujaenda kubishana.

Niliandika barua yenye tarehe, nikapeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri. Nilitaja Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: mtu anayefanya biashara ya bidhaa hiyo anatakiwa kukuuzia kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa na kinachofaa kazi uliyomweleza. Ila soma mkataba wako, kwa sababu sheria inaruhusu baadhi ya haki hizo kupunguzwa kwa makubaliano. Na usikae kimya. Ukiendelea kulitumia gari muda mrefu bila kulikataa, unahesabiwa umelikubali, unabaki na haki ya kudai fidia tu. Kwa hiyo kama unataka wabadilishe gari zima, sema sasa, kwa maandishi.

Mimi gari jipya sikupewa. Nilipata pampu, reli na nozeli zote sita, tenki na mabomba vikasafishwa, hela ya nozeli za mwanzo ikarudi, na waranti ya sehemu hizo ikaanza upya kwa barua. Siku gari liliposimama hazikulipwa, mkataba ulizikataa. Rejesho la benki niliendelea kulipa kila mwezi kwa hela ya gari langu la zamani. Usiache kulipa, kaka. Benki haihusiki na ugomvi wako na muuzaji, gari watalichukua.

Wewe tipa lako linajaziwa kwenye bauza, lile gari la tenki la mafuta la saiti, na hapo una silaha ambayo mimi sikuwa nayo. Yapo malori mengine yaliyojaziwa bauza hilo hilo siku hiyo hiyo na mpaka leo yanafanya kazi. Kesho asubuhi nenda ukapige picha ukurasa wa daftari la bauza wa tarehe hiyo, wenye namba za magari na lita. Chukua na sampuli mbele ya msimamizi, asaini. Gari lako lisifunguliwe mpaka uwepo.