Huenda ni soriasisi, si mapunye

Dada, umeuliza kama magamba ya kichwani mwako ni mapunye, yaani fangasi ya kichwani, uliyoambukizwa na msusi. Magamba mazito yenye rangi ya fedha, yenye mpaka ulio wazi na yanayovuka pale nywele zinapoanzia hadi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, kama unavyoyaeleza, huashiria zaidi soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu, kuliko mapunye, ambayo huwapata zaidi watoto na kuziacha nywele zimekatika karibu na ngozi. Usingoje kuona wekundu, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi mabaka haya huwa ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Chunguza pia kucha zako: vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano huongeza uhakika. Soriasisi haiambukizi, kwa hivyo aliyekusuka hana lawama.

Mimi ni mfamasia hapa Nairobi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni kupaka dawa ya steroidi, inayotuliza uvimbe wa ngozi, juu ya magamba makavu, ambapo dawa haiifikii ngozi. Fumua nywele, lainisha magamba usiku kwa mafuta au dawa yenye asidi ya salisiliki, yaoshe bila kuyabandua kwa kucha, ndipo upake betamethasoni, ambayo ni steroidi ya kupaka, kwa wiki chache atakazokuandikia daktari.

Iwapo nywele zinakatika, omba magamba yapimwe fangasi kwanza, maana steroidi hufunika dalili za fangasi huku fangasi yenyewe ikienea. Vidonge au sindano za steroidi vikatae, kwani ukiviacha ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa ukali zaidi.