Jibu: Kumpima kumbukumbu mgonjwa wa MS anayezungumza Kiajemi

Salama ndugu. Nimekuelewa hivi: mgonjwa wako wa Irani ana MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo), Kijerumani chake kizuri tu, lakini alama za kumbukumbu na kasi ya kufikiri ziko chini, na hujui kama ni ugonjwa au ni karatasi za kipimo.

Anza na karatasi. Kwenye SDMT, ile ya sekunde 90 ya kulinganisha alama na tarakimu, tazama 4, 5 na 6. Kliniki niliyokuwa mimi walikuwa wamechapa za Kiarabu (٤ ٥ ٦) badala ya za Kiajemi (۴ ۵ ۶), na bibi mmoja alikuwa akisita kila akifika kwenye 4. Tukadhani ubongo! Halafu ajibu kwa mdomo, maana MS hulegeza mkono. Muulize pia kama macho yanaona vizuri.

Kwenye kipimo cha kumbukumbu, ile orodha ya maneno 16 ya kukariri usiitafsiri neno kwa neno. Makundi manne yabaki, ila ndani weka vitu vya jikoni na sokoni kwao, vyenye urefu unaokaribiana. Uwatu, kwa mfano, Muirani anaujua vizuri, lakini "shanbalile" ni refu mno kando ya "sib", yaani tofaa.

Viwango vya kulinganishia visiwe vya Wajerumani. Watafiti wa Irani walichapisha MACFIMS (seti ya vipimo vya kufikiri na kumbukumbu kwa wagonjwa wa MS) ya Kiajemi mwaka 2012. Anzia hapo, na uangalie miaka ya shule.

Wazungumzaji wa Kidari, yaani Kiajemi cha Afghanistan, sijawahi kuwapima, hapo nisikudanganye.