Kupunguza mwendo wa saa hakutibu intarapti pepe

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwanafunzi hapa Nkuhungu, Dodoma, na ninaandika haipavaiza ndogo, yaani programu inayoendesha mashine pepe, ya prosesa za AMD. Kila saa ya mashine pepe inapogonga, naandika 0x80000020 kwenye EVENTINJ, sehemu ya kumpelekea mashine pepe intarapti (ishara ya kumkatiza kazi). Linux ya ndani huanza kuwaka, kisha hufa, kila mara mahali tofauti. Wenzangu walinishauri nipunguze mwendo wa saa, na kweli sasa inafika mbali zaidi. Je, tatizo limekwisha?

Jibu: Marahaba. Halijakwisha, umeongeza tu muda wa kulisubiri.

Wengi huamini kwamba kuandika EVENTINJ ni kumbishia mgeni, yaani mashine pepe, hodi, naye atafungua akiwa tayari. Sivyo. VMRUN, amri ya kumwingiza mgeni, ikikuta biti ya 31 ya EVENTINJ imewashwa, mgeni hulazimishwa kupokea tukio hilo kabla ya amri yake ya kwanza, hata kama ameshazima intarapti zake kwa sababu ameshika kufuli la keneli, kiini cha mfumo wake. Kwa Intel ungeumbuka mapema, kwa kuwa prosesa hukataa kumwingiza mgeni unapomshindilia intarapti ya nje ilhali IF yake, biti ya kuruhusu intarapti, ni 0. AMD imekuachia wewe ukaguzi huo.

Kwa hiyo kagua kwanza IF, yaani biti ya 9 ya rejista ya RFLAGS, pamoja na kivuli cha intarapti kinachodumu kwa amri moja baada ya STI, amri ya kuwasha IF. Mlango ukiwa umefungwa, washa V_IRQ, biti ya kusema kuna intarapti pepe inayosubiri, na utege VINTR, yaani uagize mgeni atoke pale atakapokuwa tayari kuipokea. Mgeni atakapofungua, utarudishiwa udhibiti kwa namba ya sababu ya kutoka 0x64, ndipo uzime V_IRQ na kupeleka intarapti yako.

Hukuuliza kuhusu majina, lakini namba yako tupu ndiyo iliyokuficha kosa. Ndani ya 0x80000020 mna mambo matatu: uhalali, aina 0 ambayo ni intarapti, na vekta 32. Ungeyaandika kama EVENTINJ_VALID, EVENTINJ_TYPE_INTR na VEKTA_YA_SAA, yeyote anayesoma angejiuliza ni nani aliyekagua ruhusa. Hata majina yenyewe yanahitaji umakini. Keneli ya Linux ina V_INTR_MASKING_MASK, jina ambalo neno lake moja, MASK, limebeba kazi mbili: la kwanza ni kuzuia intarapti, ambapo zile halisi hufuata IF ya mwenyeji (mfumo unaoendesha mgeni) na IF ya mgeni hutawala zile pepe tu, la pili ni kichujio cha biti, yaani biti ya 24, basi. Nimeona vijana wakiichanganya na V_IRQ, ambayo ni biti ya 8, kisha wakalaumu prosesa.

Ninachokasirikia zaidi ni hii tabia ya kugawiana namba kwenye makundi ya simu kama dawa za mtaani: ongeza hiki, punguza kile, jaribu tena. Msimbo wa haipavaiza hauponi hivyo, kwa sababu kosa la wakati hujificha kila unapobadilisha wakati, na anayekupa namba bila kukueleza biti zake naye aliokota mahali.

Rudisha saa kwenye mwendo wake wa awali kabla ya kujaribu marekebisho. Ikifa tena, soma EXITINTINFO, sehemu inayoonyesha tukio lililokatizwa mgeni alipotoka: huenda mgeni alitoka katikati ya kupokea tukio, nawe hukumrudishia.