Helmeti ya baiskeli: "naendesha polepole" haikuokoi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kahama. Naenda kazini kwa baiskeli, Phoenix ya zamani, kama kilomita 6 za vumbi na kipande kifupi cha lami. Kamati ya shule inataka kupitisha kwamba mwalimu au mwanafunzi anayekuja kwa baiskeli lazima avae helmeti, na asiye nayo aiache baiskeli nyumbani. Naona tunaonewa. Mimi ni mtu mzima, naendesha polepole, njia yenyewe haina magari, na kichwa ni changu. Rafiki yangu anasema helmeti huvunja shingo ukianguka. Ili kuwanyamazisha nilinunua moja mnadani, ikawa inanibana, nikabandua yale mapande meupe mepesi ya ndani, na sasa inakaa vizuri. Je, jambo hili lisiwe hiari ya mtu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeuliza habari ya hiari, lakini jambo lililonifanya niweke kalamu chini nikanywe maji umelitaja kwa kupita tu, pale mwishoni. Umebandua povu. Sasa unavaa bakuli la plastiki lenye kamba. Nitalirudia hilo.

Hiari kwanza, tena kwa kifupi, kwa sababu hapo hatupishani sana. Mtu mzima anayejua anachokichagua sitaki akimbizwe na askari. Australia walianza kulazimisha helmeti za baiskeli katika jimbo la Victoria mwaka 1990, New Zealand wakafuata 1994, na hadi leo wanabishana kama faini ziliokoa vichwa au ziliwashusha watu kwenye baiskeli. Huko Marekani, wilaya ya King, ambako uko mji wa Seattle, ilikuwa na sheria hiyo miaka mingi na ikaifuta mwaka 2022, baada ya kuonekana kwamba faini ziliwaangukia zaidi watu weusi na wasio na makazi. Nao hawakusema helmeti haina kazi. Waliendelea kuwahimiza watu wavae.

Kwa hiyo kamati yenu nayo ina kosa lake. Mtoto wa kike anayetembea kilomita 6 alfajiri kwa sababu hana helmeti amepelekwa kwenye hatari nyingine. Watafute helmeti kwanza, ndipo waandike amri. Lakini mtoto wa miaka 13 hana hiari ya kupasuka fuvu, kama ambavyo hana hiari ya kukataa chanjo. Anayemchagulia ni mzazi, na shuleni ni wewe. Wakikuona una bakuli, watavaa mabakuli.

Sasa tuje kwenye "naendesha polepole". Hii nasikia kila wiki, mara nyingi kutoka kwa ndugu aliyesimama pembeni ya kitanda: "Lakini daktari, hakuwa anakimbia." Watu wanadhani kinachoua ni mwendo wa baiskeli. Unapotembea na lori ubavuni, sawa, lori litakuua, na hapo sikudanganyi, helmeti ya baiskeli haikutengenezwa kushindana na Fuso. Lakini walio wengi ninaowapokea hawakugongwa na mtu. Walianguka wenyewe.

Chukua futi kamba. Kaa juu ya Phoenix yako iliyosimama, mwambie mwanafunzi apime kutoka ardhini hadi kwenye sikio lako. Utapata mita moja na nusu, au zaidi kidogo. Kichwa kinachodondoka kutoka mita 1.5 hufika chini kikiwa na mwendo wa kama kilomita 19 au 20 kwa saa. Sijakuambia upige pedali. Baiskeli imesimama. Mvutano wa ardhi hauulizi kama ulikuwa na haraka, wala kama njia ni ya vumbi, na ardhi ya Kahama wakati wa kiangazi unaijua ilivyo.

Namkumbuka baba mmoja, muuza maziwa. Alisimama kupisha mbuzi wavuke, mguu mmoja chini, madumu mawili kwenye keria. Dumu moja likateleza, baiskeli ikalala, naye akalala nayo. Panja, hapa juu kidogo ya sikio, ikagonga jiwe la ukubwa wa ngumi. Akainuka, akacheka, akaokota madumu. Mwendo wake ulikuwa sifuri.

Nitamrudia na yeye. Kwanza povu lako.

Wengi wanaamini helmeti inakinga kwa ugumu wake, kwamba plastiki ya nje ni ngao. Wanaigonga dukani kwa vidole, koh koh, "hii nzima." Plastiki ile kazi yake ni kushikilia povu lisisambaratike na kusaidia kichwa kuteleza kisinase kwenye mawe. Kinga yenyewe ni hilo pande jeupe, ndugu wa lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Nalo limewekwa kwa sababu ileile: lipondeke lenyewe, chombo cha ndani kisipondeke. Fuvu likigonga jiwe tupu husimama ghafla, ndani ya milimita chache, huku ubongo ulio ndani ukiendelea na safari. Likiwa na povu, linasimama ndani ya sentimita mbili hivi. Ni umbali mdogo kama upana wa kidole gumba, lakini huo ndio uliolipia.

Wanaopima helmeti Ulaya kwa kiwango kinachoitwa EN 1078 huvisha kichwa bandia na kukidondosha juu ya chuma kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde. Piga hesabu, Mwalimu, utakuta ni kimo kilekile cha mita moja na nusu. Maana yake helmeti ya baiskeli imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna yako hasa, anayeendesha polepole akaanguka mwenyewe. Ukaing'oa roho yake kwa kisu cha jikoni kwa sababu inabana!

Inayobana badilisha saizi. Iliyowahi kuanguka na mtu usiinunue, maana povu hupondeka mara moja tu, halirudi, na mnadani huwezi kujua ilitoka kichwani kwa nani na kwa nini aliiuza. Geuza, tazama kama povu lina ufa au sehemu iliyobonyea, vuta kamba ya kidevuni kwa nguvu. Alama ya EN 1078 au CPSC ya Wamarekani ni jambo jema, ila stika nayo huchapishwa popote, kwa hiyo usinunue stika ukaacha kuangalia kofia. Ukiivaa ikae vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya bibi harusi. Na kofia ya ujenzi usiniletee. Ile imekusudiwa tofali linalotoka juu.

Na rafiki yako wa shingo mwambie hivi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli majeruhi zaidi ya 64,000. Kwa waliovaa, uwezekano wa jeraha baya la kichwa ulikuwa chini kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili, na wa kufa kwa jeraha la kichwa chini kwa karibu theluthi mbili. Kuhusu shingo hawakuona tofauti ya maana kati ya aliyevaa na asiyevaa. Sijui hadithi ya shingo ilianzia kijiwe gani, ila imeshaniletea wagonjwa.

Tumrudie muuza maziwa, kwa sababu kisa chake kinanikera kuliko helmeti zote.

Jioni ile kichwa kilimuuma. Wakampeleka kwa mchuaji wa mtaani, mtu anayesifika kwa kurudisha viungo. Akakanda uvimbe kwa maji ya moto, akauchua kwa mafuta, akachanja chale tatu "damu mbaya itoke", akapokea pesa yake. Kwenye duka la dawa wakampa vidonge vya diklofenaki. Alitapika mara mbili, wakasema ni njaa. Saa tano usiku akaanza kukoroma, na mke wake akashukuru kwamba hatimaye mzee amepata usingizi. Walimfikisha kwetu alfajiri. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imetanuka kama shilingi, ya kulia ndogo, na mkono wa kulia haushiki.

Mfupa wa panja ni mwembamba, na nyuma yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa unachanika, damu inajikusanya taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mtu anaweza kuamka, kuongea, kucheka na kuokota madumu kwa saa kadhaa huku damu ikijaza nafasi isiyokuwepo. "Aliinuka mwenyewe" haimaanishi amepona. Damu hiyo iko chini ya mfupa: chale haifiki, mafuta hayafiki, maji ya moto hayafiki. Diklofenaki na aspirini zinaweza kuzidisha kuvuja. Kama maumivu lazima yatulizwe, ni parasetamo, njiani kuelekea hospitali.

Tena kuna hili la kumzuia mgonjwa asilale, wanampiga makofi na kumwagia maji usiku kucha. Usingizi wenyewe haumuui. Kinachotakiwa ni aamshike: umwamshe, ajibu jina lake na siku ya leo, ainue mikono yote miwili. Asipoamshika, au akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akikoroma kwa namna asiyoizoea, akitokwa na majimaji mepesi puani au sikioni, upande mmoja ukilegea, mboni zikitofautiana, hapo hakuna kusubiri kuche. Pikipiki ya jirani, gari la mwalimu mkuu, chochote chenye magurudumu, na aende penye kipimo cha CT, kile cha picha za ndani ya kichwa, na daktari wa kutoboa fuvu. Zahanati wapite kumfunga shingo isitikisike na kuandika rufaa, wasimlaze kwa dripu "tuone asubuhi".

Muuza maziwa alipelekwa hospitali ya rufaa akafanyiwa upasuaji, akaishi. Maziwa sasa anabeba mwanawe, kwa baiskeli ileile. Mchuaji naye bado anachua, na wiki mbili zilizopita nimepokea mwingine mwenye chale tatu panjani, mbichi.